Baba Yake Mtakatifu Teresa Alipopotewa na Akili

Katika nyumba nyingi za Wakristo wetu haikosi picha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Iko ukutani, juu ya kalenda, na pengine moshi wa jikoni umekwisha kuigeuza rangi: mtawa kijana, amekumbatia msalaba na maua ya waridi. Twamjua. Watoto wetu wa kike twawapa jina lake. Lakini yule baba aliyemzaa, akamlea pasipo mama, akamshika mkono hata mlango wa monasteri, habari zake hazisimuliwi sana, na hasa habari za miaka yake sita ya mwisho. Leo nataka kuzisimulia, nami ninayo sababu.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Mezani pangu pana kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha wafu. Mtu akifiwa huja kuandikisha. Na mara kwa mara hutokea hivi: kijana hunitajia jina la marehemu baba yake, umri na kigango, nami nikiuliza kama mzee alipata Sakramenti kabla ya kufa, yule kijana hutazama chini. Kisha husogea karibu na kunong'ona: "Mwalimu, mzee wetu alikuwa hana akili sawasawa miaka ile ya mwisho. Tuliona haya kumwita Padre." (Hunita mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu, ingawa siku hizi chaki siishiki tena.) Waliona haya! Mzee aliyewajengea nyumba na kuwasomesha, wakamficha chumba cha nyuma kama mali ya wizi.

Basi nisikilizeni habari za Bwana Louis Martin.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1823 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa askari. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kutengeneza saa, kazi itakayo macho makali na mkono usiotetemeka. Mwaka 1845 alipanda milima mirefu ya Alps mpaka monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu, katika nchi ya Uswisi, mahali ambapo watawa walikuwa wakiwaokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Akaomba apokewe. Wakamwambia: "Kajifunze Kilatini kwanza, kisha urudi." Akaenda, akajifunza, lakini afya yake ikamshinda, akaacha. Mwaka 1850 akafungua duka lake la saa katika mji wa Alençon.

Siku ya Dominika duka lile halikufunguliwa hata kidogo. Rafiki zake walimwambia kwamba watu wa mashamba huja mjini siku hiyo, na fedha zao huishia kwa wenye maduka wengine. Yeye hakubishana nao. Alifunga mlango, akaenda Misani, na baada ya hapo akachukua ndoana yake kwenda mtoni, maana alipenda mno kuvua samaki. Samaki aliowapata, wengi aliwapelekea watawa Waklara wa mji ule.

Mwaka 1858 alikutana na binti mmoja jina lake Zélie Guérin, fundi wa kusuka lesi ile iliyoupatia mji wa Alençon sifa. Binti huyo naye alikuwa ametaka utawa, akakataliwa. Miezi mitatu baadaye, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai, wakafunga ndoa. Wakapata watoto tisa. Wanne wakafa wadogo: wavulana wawili, na wasichana wawili, mmoja wao Hélène aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Wazazi hao walikuwa wamemwomba Mungu awape mtoto wa kiume atakayekuwa padre na kwenda misioni. Mungu akawachukua wavulana wote wawili. Aliyezaliwa wa mwisho, tarehe 2 Januari 1873, alikuwa msichana dhaifu ambaye hawakutumaini kwamba angeishi. Ndiye huyo Teresa wetu, ambaye mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pius XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ingawa yeye mwenyewe hakukanyaga nchi ya misioni hata siku moja.

Mama Zélie alikufa kwa kansa ya titi tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Bwana Martin akabaki na mabinti watano, mkubwa miaka 17, mdogo miaka minne na nusu. Alikuwa na marafiki Alençon, na mto wake, na bustani yake ndogo aliyoipenda, na sasa na kaburi la mkewe. Lakini watoto walihitaji kuwa karibu na mjomba wao, ndugu ya mama yao, Bwana Isidore Guérin, muuza dawa wa mji wa Lisieux. Akaviacha vyote, akahama mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Hakuoa tena.

Akina baba wanaosoma hapa na watazame jinsi alivyoishi na watoto wale. Asubuhi na mapema alikwenda Misani. Alasiri alimshika Teresa mkono, wakatembea, wakaingia kanisa fulani kuabudu Sakramenti Takatifu. Jioni wakakaa pamoja, wakacheza, wakasoma kitabu, akawaimbia, kisha wakasali. Kila binti alimpa jina la kumdekeza: Marie alikuwa almasi yake, Pauline lulu yake, Céline shujaa wake, na Teresa malkia wake mdogo. Teresa aliandika baadaye kwamba alipotaka kujua watakatifu husali namna gani, alimtazama tu baba yake akiwa amepiga magoti. Mahubiri aliyasikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake zaidi kuliko kwa mhubiri.

Kisha wakaanza kuondoka. Pauline aliingia monasteri ya Karmeli ya Lisieux mwaka 1882, na Marie mwaka 1886. Tarehe 1 Mei 1887 Bwana Martin akapigwa na kiharusi cha kwanza, upande mmoja wa mwili ukapooza. Akapata nafuu. Majuma manne tu baadaye, siku ya Pentekoste, alikuwa amekaa bustanini jioni, na Teresa, msichana wa miaka 14, akaja akaketi karibu naye akilia, akamwomba ruhusa ya kuingia Karmeli naye. Mzee akalia. Kisha akakubali. Akauendea ukuta mdogo uliokuwa na maua meupe, akang'oa ua moja pamoja na mizizi yake, akampa. Teresa akalitunza ua lile. Mwezi wa Novemba akamchukua mpaka Roma, na huko binti akapiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII kuomba ruhusa. Tarehe 9 Aprili 1888 akaingia Karmeli.

Sasa twafika penyewe.

Mwezi wa Mei 1888 Bwana Martin alikwenda Alençon. Ndani ya kanisa alimofungia ndoa alimwambia Mungu kwamba furaha yake imezidi mno, haiwezekani mtu kwenda mbinguni hivi hivi, naye angependa kuteseka kidogo kwa ajili yake. Akawasimulia binti zake jambo hilo waziwazi. Hakuna ajuaye alifikiri atapewa mateso gani. Nadhani mtu akiomba vile huwaza homa, au jeraha, au hasara ya mali. Yeye alikuwa tayari na kidonda nyuma ya sikio kilichomtesa miaka mingi bila yeye kunung'unika.

Tarehe 23 Juni akatoweka. Hakuaga. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Ikaja simu ya maandishi kutoka Le Havre, mji wa bandari. Céline na mjomba wake wakaenda mbio, na tarehe 27 wakamkuta penye posta. Alikuwa na wazo la kukimbilia mahali pa upweke akaishi peke yake na Mungu. Msomaji, umewahi kumtafuta mzee aliyepotea? Basi wajua siku nne ni nini. Na katika siku hizo hizo nyumba ya jirani yao ikaungua moto, yao ikaponea chupuchupu.

Mwezi wa Agosti ugonjwa ukarudi, na mwezi wa Oktoba tena. Wakati mwingine alikuwa mzima kabisa, wakati mwingine hakumbuki, analia, anaona visivyokuwapo. Tarehe 10 Januari 1889, Teresa alipovikwa nguo za kitawa, mzee alikuwa mzima. Akaingia kanisani akiwa amemshika binti yake mkono, na nje theluji imeanguka. Hiyo ndiyo furaha yake kubwa ya mwisho. Mwezi mmoja baadaye akili ikamwondoka: aliona vita, akaona maadui wanakuja kuwadhuru watoto, akashika bastola ili awalinde. Tazameni, hata katika kuchanganyikiwa kwake alikuwa baba. Lakini ilikuwa hatari. Tarehe 12 Februari 1889 wakampeleka Bon Sauveur, katika mji wa Caen, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoangaliwa na masista. Watu waliiita nyumba ya wazimu. Alikuwa na miaka 65, naye akakaa humo miaka mitatu na zaidi.

Maneno ya watu hayakukawia. Walisema: "Mabinti zake ndio waliomwua kwa kumwacha. Na huyo mdogo ndiye hasa, kimalkia chake, alimvunja moyo." Maneno haya yalifika mpaka ndani ya Karmeli, yakamfikia Teresa mwenyewe. Hapa kwetu yangalisemwa mengine. Wangalisema amerogwa, au anavunwa kwa yale aliyoyafanya ujanani, au kwamba ana mizimu ya ukoo. Ulimi wa jirani ni mmoja, Ulaya na Afrika.

Na ugonjwa ulikuwa nini? Mishipa ya damu ya ubongo ilikuwa imekakamaa, damu haipiti vizuri, na kila kiharusi kikaacha doa jipya. Leo waganga wanaufahamu zaidi. Mzee wako akipinda mdomo ghafula, akashindwa kuinua mkono mmoja, au maneno yakamkwama, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa ile ile. Na watu wazima wapimwe presha ya damu hata kama hawaumwi. Nasema hili kwa kupita tu, maana limewagharimu wengi ninaowaandika katika kitabu changu.

Céline na Léonie walihamia Caen, wakapanga kwa masista karibu na hospitali. Waliruhusiwa kumwona mara moja kwa juma, lakini kila siku walikwenda mlangoni kuuliza habari zake. Mwezi wa Mei ilibidi warudi Lisieux, wakawa wanasafiri kwenda kumtazama. Hawakusema, "Hatujui tena, atatutambua wapi?" Walikwenda.

Naye, akili ilipomrudia, alijua alipo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku moja alimwambia mganga wa hospitali kwamba maisha yake yote alizoea kuamuru na sasa anaamriwa, na ni jambo gumu. Lakini anajua sababu ya Mungu kumpa jaribu hilo, kwani hakuwahi kudhiliwa hata mara moja, naye alihitaji kudhiliwa. Hayo hayakuwa maneno ya mwenda wazimu. Vitu vitamu alivyoletewa aliwagawia wagonjwa wengine. Siku alizoweza, alipokea Komunyo. Na mara kwa mara alijifunika kichwa kwa kitambaa.

Kitambaa kile kina kisa chake. Teresa alipokuwa mtoto mdogo, baba yake akiwa safarini, aliona dirishani mtu anapita bustanini, kimo na mwendo ni vya baba yake, lakini ameinama, na kichwa chake kimefunikwa. Akaita, "Baba! Baba!" Yule mtu hakugeuka, akatoweka penye miti. Dada zake walimwambia alikuwa mtumishi wa nyumba anamchezea, lakini mtumishi akakana. Miaka ikapita. Hata habari zilipoletwa kutoka Caen kwamba mzee hujifunika uso, ndipo yeye na dada zake walipoelewa alichokiona mtoto yule.

Tarehe 10 Mei 1892 wakamrudisha Lisieux. Miguu ilikuwa imepooza, hawezi tena kutoroka. Siku mbili baadaye wakampeleka Karmeli akawaone binti zake watatu waliokuwa ndani. Hawakuwa wamemwona kwa zaidi ya miaka mitatu. Haikuwa rahisi kuzungumza naye. Wakati wa kuagana akainua macho, akaelekeza kidole juu, na kwa shida akawaambia watakutana mbinguni. Hawakuonana tena hapa duniani.

Tangu siku hiyo Céline alikuwa ndiye mikono na miguu ya baba yake, akisaidiwa na mtumishi mmoja na mkewe, na jamaa ya mjomba. Alimlisha, alimsukuma katika kiti cha magurudumu, alimkalisha bustanini. Binti huyu naye alitaka kuingia Karmeli, na alikuwa ameposwa na kijana akamkataa kwa sababu hiyo. Akangoja.

Sasa niruhusuni niseme yangu.

Baba yangu mzazi alikuwa mkulima, tena mwimbaji wa kanisani tangu ujana. Alipofika uzee akaanza kusahau. Kwanza jembe, kisha njia, kisha majina yetu. Usiku aliamka na kwenda kulima shamba ambalo aliliuza kabla mimi sijazaliwa. Mimi, msomi wa familia, nilinunua kufuli nikaipiga kwenye mlango wake kwa nje. Wageni wakija nilisema mzee amelala. Mficha maradhi kilio kitamfichua, nami niliujua methali huo, niliufundisha darasani, lakini niliendelea kuficha.

Dada yangu mdogo ndiye aliyeitoa ile kufuli. Hakunigombeza. Mzee alipoamka, alimwacha aende, naye akamfuata nyuma hatua ishirini, na taa mkononi, mpaka mzee akachoka akasimama. Ndipo akamsogelea na kumwambia, "Baba, jembe limekatika mpini, twende nyumbani tukalitengeneze." Naye mzee akakubali, wakarudi. Kila usiku, karibu mwaka mzima. Na dada yangu ndiye aliyemwita Padre, mimi nikiwa nimekaa ofisini hatua chache kutoka mlango wa Padre huyo huyo.

Nilidhani Padre atasema haiwezekani kwa mtu asiyejitambua. Akaniuliza: "Alipokuwa mzima, je, angetaka?" Nikasema, ndiyo, bila shaka. "Basi yatosha," akasema. Kumbe ndiyo sheria ya Kanisa: mgonjwa aliyepotewa na fahamu hupewa Mpako wa Wagonjwa, ule ambao wazee wetu waliuita Mpako wa Mwisho, ikiwa alipokuwa na akili zake angeuomba. Tuliposali Rozari pembeni ya kitanda, baba ambaye hakujua tena jina langu aliitikia kila Salamu Maria kwa nusu yake ya pili, mpaka mwisho. Nilitoka nje nikalia.

Kwa hiyo ninaposoma habari za Bwana Martin, sisomi kama mtu asomaye habari za mbali. Tarehe 18 Oktoba 2015, huko Roma, Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie, mume na mke pamoja siku moja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai. Miaka ile ya Bon Sauveur haikufichwa wala kuondolewa katika habari zake. Teresa mwenyewe aliandika kwamba miaka mitatu ya mateso ya baba yao ilikuwa na thamani kuliko yote, wala asingekubali kuibadilisha.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mwezi wa Mei 1894 kiharusi kikampiga mkono wa kushoto, akapewa Mpako. Mwezi wa Juni moyo ukamsumbua. Jamaa ya mjomba wakamchukua mpaka La Musse, nyumba yao ya shambani karibu na Évreux, penye miti na hewa safi. Dominika tarehe 29 Julai, asubuhi saa mbili na robo, Céline alikuwa peke yake karibu na kitanda. Akamsomea sala. Mzee akafumbua macho, akamtazama binti yake kwa utulivu, akamtambua, akafumba.

Wakamzika Lisieux tarehe 2 Agosti. Tarehe 14 Septemba mwaka ule ule Céline akafunga nyumba, akaenda kubisha hodi Karmeli.